Tukataeni, lakini tusomeni kwanza

Kwenu wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili nchini Tanzania. Kwenu mnaosimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Na kwenu Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Yah: Miswada ya hadithi za mapenzi inayokataliwa bila kusomwa

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wa rika langu, habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani wa Kihonda, Morogoro. Jioni nikishafunga kibanda, nafuta chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, natoa kaunta buku langu na kuandika hadithi za mapenzi mpaka watoto waje kuniita nikale. Huu ni mwaka wa tisa. Nina miswada mitatu iliyokamilika na sina kitabu hata kimoja. Barua hii siiandiki ili mnichapishe. Ninaandika kwa sababu ya duara la chai, na naomba mnivumilie nilieleze.

Machi 2021 nilipeleka mswada wangu wa kwanza kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Ulikuwa na kurasa 214. Kuuchapa steshenari kulinigharimu malipo ya magauni mawili ya harusi, halafu nikaongeza hela utiwe springi na jalada la plastiki, nikiamini kazi nadhifu hupokelewa kwa heshima. Waliupokea, wakaniambia, "Tutakujulisha." Nilipiga simu baada ya miezi mitatu, nikaambiwa bado. Baada ya miezi sita, bado. Baada ya mwaka namba ile ikawa haipokelewi.

Mei 2022 nilipanda basi la alfajiri, nikashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikaunganisha daladala mbili. Dada wa mapokezi alinipa kiti na maji ya kunywa. Akaniuliza mswada wangu ulikuwa wa nini.

"Wa riwaya," nikamwambia.

"Riwaya ya nini, mama?"

"Ya mapenzi."

"Aah, ya mapenzi."

Alitafuta kabatini, akatafuta chini ya meza, mwisho akauona juu ya friji ndogo pale pembeni, chupa ya chai imekaa juu yake. Alipoinyanyua, nikaona duara la rangi ya kahawia juu ya jina langu, maduara mengi yaliyopandiana, mengine yamefifia na mengine mabichi. Alinifutia kwa kitambaa, akaniomba radhi kwa dhati kabisa. Akapiga simu ndani, akasikiliza, akaniambia, "Wanasema hawachukui za mapenzi."

Nilirudi nao. Ndani ya basi, tulipopita Chalinze, nikaufungua kwa mara ya kwanza tangu niupeleke. Kurasa za 57 hadi 72 zilikuwa zimefungwa kichwa chini miguu juu. Lilikuwa kosa la steshenari, na mimi mwenyewe sikuligundua siku ile kwa haraka ya kuwahi basi. Mtu yeyote aliyefika ukurasa wa 57 angelazimika kuugeuza mswada mzima ili aendelee. Angeweka alama hata ya penseli, au angenipigia kuniuliza. Nilipitia karatasi moja moja kwa kidole mpaka Mikese, sikuona mkunjo, sikuona alama ya kalamu, sikuona hata doa la kidole. Kwa miezi kumi na minne watu waliweka chai juu ya kazi yangu na hakuna aliyeifunua.

Sijasema nyumba ile ni ipi na sitasema. Haitasaidia kitu, kwa sababu wenzangu nao wana hadithi za aina hii kutoka milango mingine.

Tuko saba. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mara nyingi kibandani kwangu kwa sababu kuna meza kubwa. Mmoja ni nesi, mmoja ni kijana anayesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo, mmoja anaendesha bajaji, mmoja ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wengine akina mama wa nyumbani. Wote tunaandika mapenzi. Tulianza kukutana ili tusomeane kazi, lakini nikisema ukweli kilichotuweka pamoja ni kukataliwa. Mtu ukikataliwa peke yako, unamwambia nani? Mumeo anakwambia uachane na mambo ya kupoteza muda. Mama mkwe hajui kwamba unaandika. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu: aliyekataliwa mwezi huo ndiye anayeanza kuzungumza. Hatumkatizi, hatumpi pole ya haraka. Anasema yote mpaka yaishe. Kisha tunakula alichopika mwenye zamu, ndipo tunamwambia atusomee ukurasa mmoja wa kazi ile ile iliyokataliwa, kwa sauti. Wengi wanalia kwenye ukurasa huo. Halafu tunaendelea na kazi.

Wa nane wetu ameacha. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na katika sisi wote yeye ndiye aliyekuwa na sikio zuri zaidi la mazungumzo ya watu. Alituma kazi yake kwa wachapishaji watano kwa barua pepe. Hakukataliwa na hata mmoja, kwa sababu hakujibiwa na hata mmoja. Usiku mmoja alifuta kila kitu kwenye simu yake, hadithi sita, na nakala nyingine hakuwa nayo. Alipokuja kutuaga hakuwa na hasira. Alisema tu, "Kama wangeniambia ni mbaya ningejua pa kuanzia."

Nataka mkae kidogo na sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo barua yangu yote.

Mimi nimewahi kukataliwa vizuri, ndiyo maana bado naandika. Mwaka 2019, kabla ya habari ya duara la chai, nilipeleka hadithi ndefu kwa mhariri mmoja mzee wa nyumba nyingine. Baada ya miezi miwili ilirudi, na ndani yake kulikuwa na karatasi moja iliyokatwa kutoka kwenye daftari, imeandikwa kwa mkono, wino mwekundu. Ilianza, "Binti yangu." Halafu akaniambia moja kwa moja kwamba hawataichapisha. Akaniambia mhusika wangu Rehema amelia mara kumi na saba katika sura tisa. Alikuwa amezihesabu! "Msomaji atamwonea huruma mara mbili, mara ya tatu atamchoka," aliandika. "Mpe kazi ya kufanya. Nimesoma sura tano nikimsubiri, na amekuja kuzaliwa sura ya sita, pale anapomrudishia yule bwana chenji yake. Kitabu chako kinaanzia hapo."

Nililia siku mbili. Nilimwona ni mzee katili asiyeyajua mapenzi. Siku ya tatu nilifungua sura ya sita nikaisoma kama mteja anayepima gauni la mtu mwingine, nikaona alichokiona. Nilizitupa sura tano za mwanzo, kazi ya miezi minane. Rehema nikampa karai la vitumbua kwenye stesheni ya Kilosa, mjane wa miaka thelathini na minane anayehesabu chenji kwa mwanga wa treni inayopita, na yule bwana nikamfanya fundi wa reli anayenunua vitumbua viwili kila siku na kuviacha kwenye benchi kwa sababu ana kisukari. Rehema hakulia tena mpaka ukurasa wa 160. Hadithi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mswada wa kurasa 214, uliolala chini ya chupa ya chai.

Karatasi ile nimeihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Ni maneno yasiyozidi mia moja. Sidhani kama yalimchukua zaidi ya robo saa baada ya kumaliza kusoma. Kwangu yalikuwa darasa ambalo sikulipata popote, kwa sababu elimu yangu iliishia kidato cha nne na hakuna anayefundisha kuandika mapenzi.

Najua mnavyoishi, wakubwa zangu. Nimeuliza, nikaelezwa. Mchapishaji hapa kwetu anategemea shule. Anayenunua vitabu kwa wingi ni shule, na tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe Taasisi ya Elimu Tanzania, kilichobaki kwenu ni vya ziada, ambavyo navyo lazima vipate ithibati. Maduka ya vitabu mikoani yanahesabika kwa vidole. Kitabu kikipendwa, kesho kinatolewa fotokopi. Mhariri mmoja anabeba kazi ya watu wanne, na miswada inaingia kila siku. Kwa hiyo swali la kwanza mnalouliza ni "Kitaingia shuleni?", na hadithi ya mjane na fundi wa reli haiingii shuleni. Nakubali. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu ya maadili, na naelewa mchapishaji akiingiwa na hofu hata kwa kitabu kisichohusika na watoto. Sina ugomvi na hayo.

Ila basi semeni. Kama nyumba yako haichukui hadithi za mapenzi za watu wazima, bandika karatasi mlangoni, andika kwenye ukurasa wako wa Facebook, mwambie dada wa mapokezi amwambie mtu siku ile ile anapoleta. Sentensi ile niliyoambiwa Mei 2022 ingeweza kusemwa Machi 2021. Ningeokoa nauli, na zaidi ya nauli ningeokoa miezi kumi na minne ya kuruka kila simu inapolia.

Wapo kati yenu wanaochukua, lakini wakilisikia neno mapenzi wanaliweka chini ya rundo. Kwenu nyie nina neno zaidi. Kiswahili hakijawahi kuyaonea haya mapenzi. Mwana Kupona mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake utenzi, na humo alimweleza kwa urefu namna ya kuishi na mume. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo Bombay, na taarabu tunayoisikiliza harusini mpaka leo imejaa wivu, subira na usaliti. Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti huyo, na alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa beti ambazo watu wazima wa nchi hii bado wanazisema kwa moyo. Hakuna aliyewaambia hao kwamba mada yao ni nyepesi. Inakuwaje mapenzi yakiandikwa kwa nathari, na mwanamke wa Kihonda, yanageuka kuwa "hizi za mapenzi tu"?

Zipo mbovu, tena nyingi. Zipo ambazo kila mwanaume ni tajiri mwenye gari jeusi na kila msichana anaokolewa. Zipo ambazo ni uchi mtupu uliotiwa majina ya watu. Zikataeni, na mimi nitawapigia makofi. Lakini huwezi kuijua mbovu bila kuifungua.

Mnasema hakuna wasomaji. Njooni siku moja mpande bajaji ya mwenzetu. Anaandika kwenye simu akiwa kijiweni akisubiri abiria, na anauza kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo bure, zilizobaki shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Saa nne usiku simu yake haitulii: "Admin tupia sehemu ya 14 nimechoka kusubiri." "Kaka kama Zuhura anakufa niambie nisiendelee." Hao ni wasomaji, na wengi ni akina mama wanaosoma watoto wakishalala. Sisi tuliokua tukisubiri magazeti ya udaku kila wiki kwa ajili ya ile hadithi ya ukurasa wa ndani, tukafika mwisho na kukuta "itaendelea", tunawajua watu hawa. Tulikuwa wao. Mimi nilikuwa namsomea mama yangu, na wiki ambayo gazeti lilichelewa alikuwa hali vizuri.

Tatizo la njia ya mwenzetu ni kwamba mnunuzi mmoja akilipa, asubuhi hadithi imesambazwa makundi ishirini, na mara moja ilisambazwa ikiwa na jina la mtu mwingine juu. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki, ipo, lakini nani atafungua kesi kwa hadithi ya shilingi 1,500? Na hana mhariri. Anaandika vizuri kwa sehemu thelathini, kisha hadithi inampotea mikononi kwa sababu wasomaji wanataka iendelee, na hakuna mtu wa kumwambia, "Mwanangu, ilikwisha sehemu ya 22." Anahitaji mzee wa wino mwekundu kuliko anavyohitaji pesa.

Watu wanatushauri tujichapishie wenyewe, wanatutajia marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko na kuchapisha kazi zake. Namheshimu sana. Mwalimu wetu mstaafu alijaribu. Alitoa sehemu ya mafao yake, akafuata ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, Maktaba Kuu ya Taifa, akapata nakala zake. Alikuwa na kitabu, lakini hakuwa na mtu wa kukisambaza, wala hakuwahi kupata mtu wa kumkosoa kabla ya mashine kuwaka. Makosa aliyoyaona baada ya kuchapwa hayafutiki, na mpaka leo hapendi tukishike mbele yake. Vilevile wapo wanaojiita wachapishaji ambao jibu lao pekee ni, "Lete hela tuchape." Huyo ni mchapaji. Mchapishaji ni yule anayesoma kwanza na kuthubutu kusema hapana.

Nawaomba nini, basi. Mkipokea mswada, mpeni mtu tarehe. Miezi sita inatosha, hata minane tutasubiri, alimradi iwepo siku ambayo nikiamka nitajua. Jibu lenyewe liwe na sentensi moja tu inayoonyesha kwamba mtu ameufungua: mhusika gani amechosha, ni wapi hadithi imelegea, au hata kwamba imeandikwa vizuri lakini haina soko kwenu. Kama hamkuusoma kwa sababu hamna watu, semeni hivyo hivyo. Hilo nalo ni jibu la heshima, nitaupeleka kwingine bila kujiuliza kama sifai.

Kwenu wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Tangu ilipotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa ya Mwalimu, watu wa hali yangu tumepata mahali pa kuelekeza macho. Milioni 10 kwa mshindi ni pesa nyingi, na ahadi ya kitabu kuchapwa na kupelekwa shuleni ni kubwa kuliko pesa hiyo. Naomba mambo mawili. Majaji wakishasoma, maoni yao tayari wanayo. Mistari miwili ya maoni hayo imfikie kila aliyeshiriki, aliyeshinda na asiyeshinda. Pili, kwa kuwa riwaya inayoshinda inakwenda shuleni, ni haki ichujwe kwa macho ya mzazi, na mimi ni mzazi. Lakini wekeni na nafasi ya riwaya ya watu wazima, isiyokwenda shuleni, ipelekwe maktaba za mikoa. Humo mapenzi yataingia bila kumtisha mtu.

Na kwenu BAKITA, mnaotoa ithibati ya lugha kwa vitabu: wahariri wa riwaya ni wachache mno, na hawa wazee wa wino mwekundu wanastaafu. Kongamano moja la siku tatu mkoani, wahariri na waandishi chipukizi wakae meza moja na miswada iliyokataliwa mbele yao, lingetufaa kuliko hotuba nyingi za Siku ya Kiswahili. Morogoro mkija, meza ninayo.

Mwezi uliopita nilimaliza mswada wa tatu. Una kurasa 188, na safari hii nimezikagua zote moja baada ya nyingine kabla ya kulipa steshenari. Jumatatu naupeleka posta. Nimeweka ndani bahasha ndogo yenye anwani yangu na stempu nimeshaibandika, pamoja na karatasi tupu na kalamu nyekundu.

Wasalaam,
Mwandishi wa hadithi za mapenzi,
Kihonda, Morogoro